Mlango Uliobaki Ujerumani

Kuna taa ndogo ya manjano ambayo mafundi wa viwanda vya Pwani wanaiogopa kuliko moshi. Moshi unaonekana na kila mtu, hata meneja. Taa hii haimsumbui mtu. Iko ndani ya kabati la chuma, nyuma ya mlango wa ufunguo, na inasema jambo moja tu: betri imechoka. Mashine inaendelea na kazi kama kawaida. Wiki zinapita, miezi inapita. Halafu siku moja stima inapotea.

Na stima hupotea, hilo mtu wa Kilifi hahitaji kuelezwa. Ikipotea Baricho, kwenye visima vya kando ya mto Sabaki, mifereji hukauka kutoka Malindi hadi Mombasa. Ikipotea kwako, unawasha tochi ya simu na kulalamika mtandaoni. Lakini ikipotea kwenye kiwanda ambacho betri ya kabati imekufa, mashine husahau kila kitu ilichofundishwa.

Mimi jambo hilo lilinikuta nikiwa kwenye atachimenti, mwaka wangu wa mwisho chuoni, katika kiwanda kimoja kati ya Kilifi na Malindi ambacho sitakitaja. Mashine yenyewe ilikuwa ya kufungasha, mtumba kutoka Ujerumani, iliyoshuka Kilindini ndani ya kontena kabla sijazaliwa. Stima ilipotea usiku, ikarudi alfajiri. Taa zikawaka, feni zikazunguka, mashine ikanyamaza. Haikuwa imeungua. Ilikuwa inasubiri kitu. Nje, chini ya mwarobaini, vibarua kama thelathini walikuwa wameketi tangu saa kumi na mbili, na kibarua asiyefanya kazi halipwi.

Msimamizi wa zamu akafungua kabati. Ndani mlikuwa na bahasha ya plastiki iliyowahi kubeba michoro ya mashine. Sasa ilikuwa na mayai ya mjusi. Mbele ya kila kadi kuna safu ya vitaa, kimoja kwa kila waya unaoingia: kikiwaka, ishara ipo. Kwenye kadi moja vyote viliwaka isipokuwa viwili, namba 3.4 na namba 3.5. Msimamizi akavitazama kama mtu anayetazama deni.

"Weka waya hapo na hapo," akaniambia. "Idanganye. Watu wafanye kazi."

Kumdanganya PLC ni rahisi ajabu. Unachukua kipande cha waya, upande mmoja kwenye volti 24, upande wa pili kwenye tundu la ishara, na mashine itaamini kwamba mlango umefungwa, au chupa imefika, au chochote kile ilichokuwa inasubiri. Waya nilikuwa nao mkononi tayari.

Hapa naomba nirudi nyuma kidogo, kwa sababu ili uelewe nilichokuwa nakaribia kukifanya, lazima ujue kitu hiki kinachoitwa PLC kilitoka wapi, na kwa nini kinasahau namna kinavyosahau.

Kabla ya kompyuta kuingia viwandani, akili ya mashine ilikuwa rilei. Rilei ni swichi inayovutwa na sumaku: umeme ukipita kwenye koili, sumaku inavuta, swichi inagusa, unasikia "tak". Chukua tanki la juu la ploti yoyote Mtwapa. Kama tanki la juu limepungua, na tanki la chini lina maji, basi washa pampu. Hayo "kama", "na", "basi" yanaweza kufanywa na rilei mbili tatu na nyaya chache. Kiwanda kizima kinahitaji "kama" mamia, wakati mwingine maelfu, na zote zilikaa ukutani kwenye makabati yaliyokuwa yakilia tak-tak-tak mchana kutwa kama mvua juu ya bati. Ukitaka kubadili neno moja la mantiki, unafungua nyaya na kuanza kushona upya.

Waliochoshwa na hali hiyo kwanza walikuwa watengeneza magari. Modeli ya gari ikibadilika, makabati ya rilei nayo hubadilishwa. Mwaka 1968 kitengo cha Hydra-Matic cha General Motors, Marekani, kilichotengeneza giaboksi za otomatiki, kilitangaza kwamba kinatafuta kifaa cha kuchukua nafasi ya rilei, kitu kinachobadilishwa kwa kuandika badala ya kufungua nyaya. Kampuni ndogo ya Bedford Associates, jimbo la Massachusetts, ilikuwa na mhandisi aitwaye Dick Morley, ambaye kwa simulizi yake mwenyewe aliandika wazo la mashine ya aina hiyo siku ya mwaka mpya, tarehe 1 Januari 1968, kichwa kikimgonga kwa uchovu wa mkesha. Kifaa kilichotokana na kazi hiyo kikaitwa 084 kwa sababu kilikuwa mradi wao wa 84, na kampuni iliyoundwa kukiuza ikaitwa Modicon. Mwaka 1969 kikafika General Motors.

Kinachonivutia zaidi katika hadithi hiyo ni lugha waliyoichagua, kuliko hata kifaa chenyewe. Wangeweza kuwalazimisha mafundi wa umeme wajifunze lugha za kompyuta za wakati huo. Badala yake walichukua mchoro ambao fundi wa rilei alikuwa akiusoma tayari, ule wenye mistari miwili ya wima na vipago katikati, unaofanana na ngazi ya mkwezi, wakaufanya uwe ndiyo programu. Fundi aliangalia skrini akaona mchoro wake. Kompyuta ndiyo iliyojifunza lugha ya fundi. Sijui teknolojia nyingine nyingi zilizoingia kazini kwa adabu hiyo. Hebu fikiria programu ya mwisho uliyolazimishwa kuitumia ofisini.

Miaka hiyo hiyo Pwani yetu haikuwa kando ya dunia kama tunavyopenda kujidharau. Tarehe 26 Aprili 1967 setilaiti ya San Marco 2 iliruka kutoka jukwaa la Wataliano lililosimamishwa baharini mbele ya Ngomeni, kaskazini ya Malindi. Tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu yetu yenyewe, ikaruka hapo setilaiti ya Wamarekani iliyopewa jina la Uhuru, ya kwanza kutengwa kwa kazi ya kutafuta eksirei zinazotoka angani. Kazi hiyo baadaye ilichangia kumpa Riccardo Giacconi Tuzo ya Nobel ya mwaka 2002. Roketi ziliendelea kuruka kwa vipindi hadi tarehe 25 Machi 1988. Naitaja Ngomeni kwa sababu ndiyo iliyotuzoesha jambo moja mapema: kila mtambo huja na lugha ya mwenyewe. Malindi kukawa na watu wanaozungumza Kitaliano ambao hawajawahi kuiona Roma. Mitambo ya viwandani nayo, ya chumvi Gongoni na Marereni, ya saruji Kaloleni na Vipingo, ya korosho Kilifi mjini, haikuja na Kiswahili. Kiwanda cha korosho kilianza miaka ya 1970 na kufikia mwisho wa miaka ya 1990 kilikuwa kimefungwa. Majengo unaweza kuyaonyesha mtu kwa kidole. Yale yaliyokuwa vichwani mwa watu wa karakana hayana pa kuonyeshwa.

Mashine yetu ilikuja na Kijerumani. Ndani ya kabati lake mlikuwa na Simatic S5 ya Siemens, familia iliyoanza kuuzwa mwaka 1979 na ambayo kwa miaka mingi ilitawala viwanda vya Ulaya kiasi kwamba, Wazungu walipoanza kuuza mitambo yao kwa mtumba, S5 zilisambaa nayo dunia nzima. Unaweza kuichora programu yake kama ngazi, au kuiandika kwa herufi, hivi:

U E 3.4
U E 3.5
= A 4.0

U ni "und", yaani "na". E ni "Eingang", pa kuingilia. A ni "Ausgang", pa kutokea. Isome sasa: kama ishara ipo kwenye 3.4, na ipo kwenye 3.5, basi washa 4.0, na kwetu 4.0 ilikuwa mota kubwa. Kuna toleo la Kiingereza la herufi hizo, na hapo ndipo wanafunzi wengi huangukia shimoni, kwa sababu katika Kiingereza A ni "na", ilhali kwa Mjerumani A ile ile ni pa kutokea. Ukichukua kitabu cha Kiingereza na kukisoma mbele ya mashine ya Kijerumani, utaapa kwamba mmoja wao kalewa.

Sasa kuhusu kusahau. Kumbukumbu ya kompyuta hizi ilihesabiwa kwa kilobaiti. Picha moja unayotumiwa kwenye WhatsApp isingeingia. Kwa hiyo waundaji walibana. Maagizo yaliwekwa ndani ya PLC, lakini maelezo, yale maneno ambayo mwandishi wa programu huandika pembeni kueleza "hiki ni kifuniko", "hii ni pampu ya pili", hayakuwekwa. Yalibaki kwenye flopi za aliyeiandika. Mashine ikiuzwa, PLC inakwenda nayo. Flopi zinabaki kwenye droo mjini kwao, zinaota ukungu, zinatupwa. Ukichomeka kebo leo na kusoma kilichomo, utapata U E 3.4, U E 3.5. Utajua mashine inafanya nini, na hakuna kitakachokuambia kwa nini.

Na hata hayo maagizo yanashikiliwa na betri. Programu inayofanya kazi hukaa kwenye kumbukumbu inayohitaji umeme saa zote. Stima ikipotea, betri ya lithiamu hushika zamu. Ndiyo maana betri hiyo hubadilishwa mashine ikiwa inawaka; anayezima kwanza kwa ajili ya usalama, kama tunavyofundishwa kila mahali pengine, anaifuta programu kwa mkono wake. Betri ikifa na stima ikapotea, kuna kinga moja: chipu iliyochomwa programu ya awali, ile yenye kidirisha cha kioo kilichofunikwa stika kwa sababu urujuanimno ndio unaoifuta. (Usiivue stika hiyo kwa udadisi. Jua letu halina huruma.) PLC ikiamka bila kumbukumbu, inanakili kilichomo kwenye chipu na kuendelea.

Inanakili cha awali. Hapo ndipo penye msiba. Kila kitu ambacho fundi wa hapa amebadilisha tangu mashine ifike, kila dakika aliyoongeza kwa sababu ya joto, kila sharti aliloondoa kwa sababu sensa fulani (si ile ya kuhesabu watu) ilikufa na haikupatikana nyingine, vyote vinapotea, kwa sababu hakuna aliyekuwa na kifaa cha kuchoma chipu upya. Lebo ya chipu yetu ilikuwa imeandikwa kwa kalamu, mwaka 1989. Asubuhi ile mashine iliamka ikidhani iko Ujerumani na ni mwaka 1989.

Basi narudi kwenye waya mkononi.

Kilichonizuia hakikuwa busara, ni woga wa mwanafunzi. Nilimwomba msimamizi nipige simu moja kwanza. Mzee aliyekuwa fundi wa umeme pale kwa miaka mingi alikuwa amestaafu, anafuga kuku Ganda, na namba yake ilikuwa imeandikwa kwa kalamu ya wino ndani ya mlango wa kabati, ishara tosha kwamba sikuwa wa kwanza kukwama.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Imelala?"

"Imelala."

"Betri?"

"Betri."

Akanyamaza kidogo, nikasikia kuku. "Usiguse kitu. Nipe saa moja."

Alikuja na bodaboda, amebeba furushi la leso. Ndani ya leso mlikuwa na laptopu nzito ya miaka ya tisini, ile yenye tundu la kebo la pini ambalo laptopu za sasa hazina, na inayofungua kwa DOS. Na daftari. Daftari la shule, la hesabu, lenye karatasi za miraba, kwa sababu miraba inasaidia kuchora ngazi. Lile lilikuwa la tatu, akasema. La kwanza mchwa walikula, akalinakili upya akikumbuka.

Akafungua ukurasa. Nausoma mpaka leo bila kuutazama:

E 3.4 – mlango wa uzio, ulibaki Ujerumani. Hapa hakuna. Ondoa.

E 3.5 – kifuniko cha kisu. USIRUKE hata ukiambiwa na meneja.

Kule kwao, mashine ilisimama ndani ya uzio wenye lango. Aliyeinunua hakuuona umuhimu wa kulipia usafiri wa uzio. Mashine ikafika Kilifi ikiuliza lango ambalo halipo, Mzee akalifuta kwenye programu, na kwa zaidi ya miaka ishirini kitaa cha 3.4 kikakaa gizani bila mtu kujali. Kitaa cha 3.5 kilikuwa jambo jingine kabisa. Usiku stima ilipopotea, mtu alifungua kifuniko kusafisha, na alipokifunga, swichi yake, iliyoliwa na chumvi ya hewa, haikurudi. Vitaa viwili gizani, vinafanana kama pacha. Kimoja ni mlango usiokuwepo. Kingine ni vidole vya mama anayepanga pakiti upande wa pili.

"Ulikuwa umeshaweka waya?" akaniuliza.

"Bado."

"Yote miwili ulitaka kuweka?"

Sikujibu. Hakunigombeza. Alibadilisha betri, akanituma nikasugue swichi ya kifuniko kwa msasa hadi kitaa cha 3.5 kilipowaka chenyewe, kisha akakaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, laptopu magotini, akaanza kurudisha miaka yake ishirini, mstari baada ya mstari, kutoka kwenye daftari. Menyu zilikuwa za Kijerumani. Nilimuuliza alikijifunza chuo gani. Akacheka. Ujana wake aliuza vinyago ufukweni. "Eingang" na "Ausgang" alikuwa akizijua kutoka kwenye milango ya hoteli kabla hajaijua PLC. Saa nane na nusu mota ilizunguka. Vibarua walilipwa nusu siku, na kuna waliosema wangelipwa siku nzima kama yule kijana angefanya haraka, na kijana huyo ni mimi.

Nimekuwa nikitafuta mahali pa kumweka Mzee katika historia ya teknolojia na sipati. Ukisoma kuhusu PLC utakutana na Morley, utakutana na Siemens ilivyoleta S7 katikati ya miaka ya 1990 na S5 ikaanza kusukumwa hadi ikawa bidhaa ya vipuri. Utasoma kuhusu Stuxnet, virusi vilivyogunduliwa mwaka 2010 vikiwa vimelenga PLC za S7 zinazoendesha mashinepewa za nyuklia Natanz, Iran, na utaambiwa kwamba mitambo ya zamani ni hatari. (Mtambo wetu haukuwa na hata waya wa mtandao. Adui wake alikuwa mjusi.) Lakini programu iliyokuwa ikiendesha ile mashine, ile ya kweli, haikuandikwa na Mjerumani wa 1989 peke yake. Nusu yake iliandikwa hapa, na mtu ambaye jina lake haliko kwenye faili lolote, na maelezo yake pekee duniani yako kwa Kiswahili kwenye daftari la hesabu lililofungwa kwenye leso.

Mwenye kiwanda sasa anataka kununua PLC mpya. Ni haki yake, vipuri vya S5 vimekuwa vya kuokoteza kwa wauzaji wa mitumba mtandaoni, na kadi unayonunua huko inaweza kuwa imekufa kuliko yako. Mtaalamu alikuja kutoka Nairobi, kijana makini, akachomeka kebo, akasoma maagizo yote. Akauliza mbona kuna dakika nne za kusubiri mahali ambapo sekunde kumi zingetosha. Hakuna aliyejua. Nikampigia Mzee. Ni kwa ajili ya Januari, akasema, kaskazi likivuma gundi haikauki.

Nilikwenda Ganda Jumamosi iliyofuata, nikalipiga picha daftari zima kwa simu, kurasa 88. Mzee alishika kila ukurasa usipeperuke. Mengi yanasomeka. Pale ambapo wino umefifia alinieleza kwa mdomo nami nikarekodi. Kuna mstari mmoja tu ambao hata yeye hakuweza kunisaidia, kuhusu M 20.3. M ni "Merker", kumbukumbu ya ndani, kama fundo unalofunga kwenye pembe ya leso ili usisahau jambo. Fundo hilo alilikuta kwenye programu, akajaribu kulifuata, akashindwa kujua nani alilifunga na kwa ajili gani. Mbele yake ameandika: sijui. Lakini usifute.

Mtaalamu wa Nairobi amelinakili kwenye programu mpya jinsi lilivyo.